Jina Nililompa Kakai

Binti yangu alinitumia video kwenye simu, fupi tu, na chini yake akaandika: "Mama, ona vile mjukuu wako ako na heshima." Mtoto alikuwa na miezi mitano. Amelazwa kwenye kiti cha sebuleni kwao Amalemba, mjini Kakamega, kavishwa soksi za manjano, na ghafla kichwa kinainama, mikono inafunguka mbele, magoti yanapanda. Anatulia. Halafu tena. Halafu tena. Kila akiinama watu waliokuwa sebuleni wanapiga makofi na kucheka, na mama mmoja anasema, "Mulembe, mzee, mulembe!" kana kwamba mtoto amemsalimu naye hana budi kuitikia.

Nilikuwa jikoni kwangu Lugari nikichambua maharagwe. Niliitazama mara moja tu. Nikampigia simu, na alipopokea sikumjulia hali.

"Waambie waache kupiga makofi."

"Mama, kwani kuna nini?"

"Waache, nimesema. Na wewe umbebe huyo mtoto umpeleke hospitali leo. Si kesho. Hiyo video usiifute, ukaonyeshe daktari."

Aliniambia baadaye alidhani nimemkasirikia. Sikuwa na hasira. Makofi yale nilikuwa nimeyasikia zamani, na mengine niliyapiga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipokata simu nilinusa harufu ya miwa iliyochomwa, hapo jikoni, ilhali Lugari yetu ni mahindi matupu na siku hiyo hakukuwa hata na moto wa takataka.

Sisi ni watu wa Kabras. Nilipokuwa mdogo kiwanda cha sukari kilikuwa kimefunguliwa, na watu waliokuwa wakilima mahindi na wimbi waling'oa kila kitu wakapanda miwa. Baba aliipanda mpaka hatua chache kutoka mlangoni. Ukitoka asubuhi jani linakukwaruza shavu. Watu waliezeka mabati, wakanunua redio, wakafunga kanisani ndoa ambazo zilikuwa zimezaa watoto sita tayari. Ulikuwa wakati wa raha, na sitaki kuusingizia, kwa sababu hata viatu vyangu vya kwanza vilitoka kwenye miwa ile.

Lakini Baba alikodi trekta, na trekta likalima hata pale palipokuwa boma la zamani, mahali walipolala wazee wetu. Kukhu, yaani bibi yangu, mama yake Baba, alisimama mbele ya trekta siku hiyo mpaka dereva akazima injini. Baba akamshika mkono na kumwondoa polepole.

"Mama, wafu hawakulangi," alimwambia. "Ni sisi ndio tunakula."

Kukhu alikaa siku mbili bila kugusa obusuma, yaani ugali, iliyosongwa nyumbani kwetu, na siku ya tatu akaja akala kama kawaida, ila tangu hapo alikuwa akitazama miwa kila upepo ulipovuma.

Mwaka uliofuata Mama akajifungua mdogo wangu wa kike. Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Huyu alilia siku nne, kwa hiyo Kukhu akamkalia kitako, Mama akampa titi, na Kukhu akaanza kuwaita waliokufa mmoja mmoja. Lile jina litakalomnyamazisha mtoto na kumfanya anyonye, mwenyewe amekuja, amekubali kukaa ndani yake. Mtoto alinyamaza kwenye jina la Kakai. Kakai alikuwa shangazi yake Kukhu, mwanamke mrefu aliyejua kuponda dawa. Basi mdogo wangu akawa Kakai. Mimi nilikuwa Nasambu, jina la mama mzaa Kukhu, na nililipenda, kwa sababu Kukhu alipokuwa na furaha aliniita "mama" mbele ya watu nami nikajiona mkubwa.

Nilikuwa na miaka minane Kakai alipofikisha miezi minne, siku walipochoma shamba letu kwa mara ya kwanza ili wakataji waingie. Mama alinipa mtoto akaniambia maneno manne: ingia ndani, funga dirisha. Sikuingia. Moto ukishika miwa, panya na kware hukimbilia ukingoni, na watoto wote wa kijiji walikuwa pale na fimbo. Nilimlaza Kakai juu ya gunia uani, nikajiambia ni dakika moja. Niliporudi alikuwa macho, amejigeuza kifudifudi, ametulia, na majivu ya miwa yalikuwa yamemwangukia kila mahali. Majivu ya miwa si unga. Ni vipande virefu vyeusi, kila kimoja na umbo la jani, vinavyoelea juu kisha kushuka bila haraka. Alikuwa navyo mgongoni, tumboni, pajani. Nilivipangusa kwa kiganja vikasagika na kumpaka weusi, nikamwosha kwa maji ya pipa kabla Mama hajarudi.

Wiki chache baadaye, nikimwogesha juani, niliziona alama. Zilikuwa nne au tano, nyeupe kidogo kuliko ngozi yake, ndefu, nyembamba kwenye ncha. Umbo la jani. Nilijua hapo hapo. Yale majivu meusi yalikuwa yameunguza rangi ya mtoto, na mimi ndiye niliyemwacha nje. Mama alipoziona alisema ni mba tu. Mimi nilichukua dodoki nikamsugua mpaka akalia, na usiku nikaomba ziondoke, na asubuhi zilikuwepo.

Ndipo akaanza kuinama. Mara nyingi alipoamka tu, kichwa chini, mikono mbele, mara kumi, mara kumi na tano mfululizo, kisha analia. Kukhu aliona kwanza, akashika mdomo kwa furaha. "Muangalie! Anamusalimia mwenye jina! Kakai amekuja kumuona, na mutoto anamuinamia!"

Majirani walikuja kutazama. Tulipiga makofi. Mama alicheka jinsi ambavyo sikumbuki kumwona akicheka tena. Nilipiga makofi kuliko wote, maana nilifikiri kama mtoto anasalimiana na wafu basi wafu hawana neno nasi, na pengine zile alama zitasamehewa. Siku moja alikuwa amewekwa kwenye mkeka, nami nimesimama mbele yake, akaanza. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa yamekaza nyuma ya bega langu, upande wa miwa, na niliogopa kugeuka.

Kuinama kukaisha kwenye mwaka wa kwanza, na pamoja nako kukaisha ile sauti yake ndogo ya ba-ba-ba aliyokuwa ameanza. Alitembea akiwa na karibu miaka mitatu, kwa ncha za vidole. Hakusema neno. Hakutazama mtu usoni. Ukimkumbatia alikuwa mgumu, akisubiri umalize. Alichopenda ni kifuniko cha sufuria. Alikizungusha kwenye sakafu, akalaza shavu chini kukitazama kikicheza mpaka kikatulia, kisha akakizungusha tena, asubuhi mpaka jioni, na matrekta ya miwa yalipopita barabarani alinguruma nayo kwa sauti ileile kabisa, hata gia ilipobadilishwa naye akabadilisha. Mara moja moja alianguka, akakakamaa, povu likamtoka. Hicho tulikijua ni kifafa. Hakuna aliyekiunganisha na yale makofi.

Na hakugeuka akiitwa. Hilo ndilo lililomvunja Mama. "Kakai! Kakai, mwana wangu!" Hakuna kitu. Lakini ukigonga kifuniko chumba cha pili, alikimbia kuja. Kwa hiyo masikio yalikuwepo. Watu walianza kusema Mama ametuletea balaa kutoka kwao. Mama alikuwa na vipele vidogo vigumu puani na mashavuni, vilivyokuwepo tangu usichana wake na ambavyo havikuondoka hata siku moja. Wanawake wa kijiji walisema ni sabuni za kujichubua alizonunua miwa ilipolipa, kwamba amejiunguza uso na sumu ikaingia kwenye maziwa. Mama alikuwa amenunua kipande kimoja tu cha sabuni ile, kuviondoa vipele hivyo. Alikizika nyuma ya choo. Nilimwona akichimba, nikafikiri anapanda kitu.

Kukhu ndiye aliyetuambia sababu. Alisema mtoto hakatai kuitwa, anakataa jina. "Huyo si Kakai. Walikuwa wanakimbizwa na trekta, kila mutu akaingia penye alipata mulango. Sasa mwenye aliingia ndani ya huyu anasikia mukimuita jina ya mwingine. Wewe ungeitika?"

Baba aliposikia trekta likitajwa alitoka nje.

Basi akabadilishwa jina. Tulichinja ingokho, akaitwa Nabifo. Siku nyingi za Nabifo, Nabifo, na yeye na kifuniko chake. Tukachinja kuku mwingine, akaitwa Namarome. Mimi nilikuwa natumwa jirani kuwaambia watu jina jipya, na kila mara nilikuta wameanza kucheka kabla sijalitaja. Ilifika mahali hata sisi tukakosea, mmoja anamwita hili, mwingine lile, na yeye katikati yetu anazungusha.

Jumamosi moja asubuhi Kukhu akaamua kuwaita wote, mpaka wa mwisho anayemkumbuka. Mama alikalishwa kwenye ukumbi wa nje wa nyumba na mtoto mapajani, wamegeuzia migongo yao kwetu, nyuso zao kwenye miwa. Kukhu alisimama nyuma yao. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni, nimepewa kifuniko nikishike ili mtoto asikione. Hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Kukhu aliita jina, akangoja. Aliita jingine, akangoja. Majina yale yalikuwa ya watu ambao shamba letu lilikuwa juu yao, na kila alipongoja, miwa ilikuwa inasugua majani. Nilihisi ukumbi unajaa. Mama alikuwa analia bila sauti, mabega tu yakienda.

"Nasambu," Kukhu akaita.

Alikuwa anamwita mama yake, hakuwa ananiita mimi. Lakini nilikuwa nimeitika jina hilo maisha yangu yote. "Eeh," nikasema, chini chini, na mwili ukashtuka, na ukingo wa kifuniko ukagusa ukuta. Ting. Sauti ndogo tu.

Mdogo wangu akageuka.

Aligeuka shingo yote, akanitazama mkononi. Mama akapiga ukelele. Kukhu akapiga magoti hapo alipo, akaita, "Mayi! Mayi wange!" yaani mama, mama yangu, na machozi yakamtoka mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani. Masikio ya Kukhu yalikuwa ya kizee, na Mama hakuwa anasikia chochote isipokuwa kilio chake. Ni mimi peke yangu niliyejua mtoto amegeukia nini.

Kisha wote wawili wakanitazama, kwa sababu Nasambu alikuwa tayari na mtu.

"Mutu moja hawezi lala nyumba mbili," Kukhu alisema. Hakuwa mkali. Alinishika kidevu. "Amekaa na wewe kwa sababu hakukuwa na pahali ingine. Sasa anataka kwenda kwa mwenye anamuhitaji. Utamuachilia?"

Ningeweza kusema. Nimeyarudia maneno hayo miaka na miaka: Kukhu, ni kifuniko. Yalikuwa mdomoni. Lakini gauni la mdogo wangu lilikuwa limechanika mgongoni, na kwenye mpasuko huo niliona jani jeupe, lile kubwa kuliko yote. Nikafikiri, nilimwacha kwenye majivu, nami sina kitu kingine cha kumpa. Nikasema, "Nitamwachilia."

Kukhu aliniosha uso kwa maji ya kibuyu, akayamwaga kwenye miwa, akaniita Naliaka, kwa sababu nilizaliwa wakati wa palizi. Ni jina zuri, wapo akina Naliaka wengi. Ila ni jina la msimu, halina mtu ndani yake. Usiku ule nililala nikijisikia nyumba ambayo wenyeji wamehama.

Na uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Nilitafuta kifuniko kidogo cha kopo, nikakishonea mfuko ndani ya gauni langu. Mama akiita "Nasambu!" nami nipo karibu, nilikigonga kwa ukucha, ting, na mtoto akageuka, na uso wa Mama ukawaka. Nilifanya hivyo miezi mingi. Mama alinenepa. Aliacha kujifunika kitambaa usoni akienda sokoni. Nilikuwa naona furaha yake na kuogopa siku nitakayougua nisiwepo. Wakati mwingine nilisahau, jina likaitwa nami nikaitika, na Kukhu akanifinya sikio: "Unamuita arudi?"

Kisha nikapelekwa shule ya bweni, na niliporudi likizo ya kwanza nilikuta jina halifanyi kazi tena. Mama aliita mbele yangu, mara tatu, anionyeshe. Mdogo wangu hakugeuka. Mkono wangu ulikwenda kwenye gauni, lakini lilikuwa gauni la shule, halina mfuko ule.

"Hata huyo amemuacha," Mama alisema. Alisema polepole, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Mdogo wangu alifariki akiwa na miaka saba. Ilikuwa mchana, kifafa kilimpata na hakikuachia. Baba alimbeba mpaka barabarani. Kilichopita ni trekta la miwa tu, limejaza, na dereva akawaruhusu wapande juu ya mzigo. Ulikuwa msimu wa kukata, barabara yote ni matrekta, moja nyuma ya jingine, na hakuna hata moja linalomshinda mtu mwenye haraka akitembea. Mama alimlaza juu ya miwa, akamshika kichwa. Baba alisema baadaye kwamba kitu cha mwisho alichofanya ni kunguruma na injini, kidogo, kisha injini ikabaki peke yake.

Tulimzika ukingoni mwa shamba. Fundi alitengeneza msalaba wa chuma akauandika kwa rangi nyeupe, jina la ubatizo na chini yake NASAMBU. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilisimama na sketi yangu ya shule nikasoma jina langu kaburini, na watu walipoimba sikuweza kufungua mdomo. Walidhani ni uchungu wa dada. Ulikuwepo, lakini pia nilikuwa najiuliza ni nani kati yetu aliyezikwa.

Nilikubali posa ya kwanza iliyotoka mbali na miwa. Ndiyo maana niko Lugari.

Sasa nirudi kwenye ile video. Daktari wa watoto alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu, wa kucheka na watoto. Nilikuwa nimepanda gari usiku nikawakuta asubuhi hospitalini Kakamega, wamelazwa tangu jioni wakimngoja. Aliitazama video kwenye simu mara mbili na kicheko kikafutika usoni. Akasema hizo si salamu, ni degedege za utotoni, kila kuinama ni ubongo unapigwa shoti, na afadhali tumekuja mapema. Halafu akavuta pazia, chumba kikawa giza saa nne asubuhi, akawasha taa ndogo ya zambarau na kummulika mtoto mgongoni.

Majani yakatokea. Matatu, meupe kabisa, yanang'aa.

Nilikaa chini bila kuambiwa. Nilitaka kusema mtoto huyu hajawahi kukaribia miwa, kazaliwa Amalemba, kwenye nyumba ya kupanga, hakuna aliyemwacha nje.

"Kwenu kuna mtu mwingine ako na alama kama hizi?" daktari aliuliza.

Binti yangu akasema hapana. Mimi nikasema, "Dada yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele ya mwanangu. Nikasimulia kuinama, kimya, kifuniko, kifafa. Daktari aliniacha nimalize. Aliniuliza kama mama yetu alikuwa na kitu chochote usoni, vipele hivi, hapa na hapa, na akagusa pua yake na mashavu. Sikumwambia kuhusu vipele. Aliuliza mwenyewe.

Akammulika binti yangu, akaona moja kwenye kiuno. Akanigeukia. "Na wewe, Mama, nikuangalie?"

Nilifungua blauzi. Nikasikia kidole chake cha baridi chini ya bega la kushoto, mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata kwa kioo asipopinda shingo.

"Liko hapa," alisema. "Umezaliwa nalo."

Alitueleza kwa Kiswahili rahisi. Ugonjwa wa kurithiwa, uko ndani ya mbegu kabla mtoto hajaumbwa. Ukiwa nao, kila mtoto unayemzaa anaweza kuupata au kuukosa. Mmoja utamgusa ngozi tu asijue mpaka anazeeka. Mwingine utamkaa kwenye ubongo, alete kifafa, na wengi wa hao huwa na usonji, hawageuki wakiitwa, hawatazami usoni, maneno yanachelewa au hayaji. Nilimwomba jina lake. Akaliandika kwenye karatasi, tuberous sclerosis. Nililitazama sana. Tulikuwa tumechinja kuku wangapi kutafuta jina, na jina lilikuwepo, na hata lingetajwa pale ukumbini hakuna ambaye angelitambua.

Mtoto alianzishiwa dawa siku hiyohiyo. Kuinama kumepungua. Daktari hakutuahidi kitu, alisema tu kwamba kuwahi ni afadhali kuliko kuchelewa, na tutaona atakavyokua. Binti yangu alilia kwenye ngazi za hospitali, "Mama, ni mimi nimempatia," nami nikamwambia ni mimi niliyekupa wewe, na mimi nilipewa, na huwezi kumlaumu mtu kwa kitu alichobebeshwa mgongoni asikoona. Nilisema vizuri sana. Natamani ningekuwa naamini nusu yake.

Wiki iliyopita nilikwenda Kabras. Baba, Mama na Kukhu wote wameshatangulia. Mama alipokuwa anakufa aliniambia, "Ilikuwa ile sabuni." Baba hakuniambia neno, lakini kwa miaka yake ya mwisho aliacha kulima pale penye boma la zamani, pakaota magugu na watu wakamcheka. Mama, Baba na mimi tuliishi ndani ya nyumba moja, kila mtu na kosa lake alilolificha, na hakuna lililokuwa la kweli.

Miwa ya jirani ilikuwa imechomwa jana yake. Majivu yalikuwa yamelala kwenye kaburi. Msalaba umekula kutu lakini herufi zinasomeka. Nilikuwa nimebeba kifuniko cha sufuria kwenye mkoba. Nikakizungusha juu ya saruji, kikacheza, kikaimba, kikatulia.

"Kakai," nikamwambia, "siku ile uligeukia hiki. Nilijua. Haikuwa majivu, wala jina, na mimi sikusema."

Hakukuwa na kitu, upepo tu. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa kuwa tangu utoto sijalisikia likitamkwa na mtu anayenitaka mimi, nikasoma msalaba kwa sauti.

"Nasambu."

Nilingoja kidogo, kama Kukhu alivyokuwa akingoja. Halafu nikaitika.

"Eeh."